Kinubi Nilichokiharibu Mbuya

Nilitoka Nakuru kwenda Kampala kwa sababu ya gitaa lililopasuka shingo. Mwenye gitaa ni Mzee Ochaya, mpiga bluzi, na bluzi kwa asiyeijua ni ule muziki wa Wamarekani weusi ambao mtu hulia na gitaa lake likamwitikia. Mimi ni fundi. Natengeneza magitaa, vinanda vya makanisa na chochote chenye uzi au kitufe. Miaka kumi na kitu iliyopita Mzee Ochaya alikuja Nakuru kupiga kwenye hoteli moja, gitaa lake likaanguka kwenye ngazi, nikalifufua. Tangu siku hiyo akaapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaoligusa. Ukiambiwa maneno kama hayo kichwa huvimba, na changu kilivimba vizuri sana.

Alinipigia simu Jumatatu. Akaeleza kwamba Jumamosi anarekodi wimbo wa marehemu baba yake, wimbo alioungoja miaka mingi, na shangazi yake ameteremka kutoka Gulu kuja kuuimba. Sasa gitaa nalo limechagua wiki hiyo hiyo kupasuka. Nikamwambia alitume kwa basi kama siku zote.

"Fundi, njoo wewe mwenyewe," akasema. "Shangazi yangu ni mzee na kifua kinamsumbua. Hatakuja mara ya pili."

Mume wangu akaniuliza kama Uganda nzima haina fundi wa magitaa. Nikamjibu kwamba wapo, tena wazuri, ila hawakupigiwa simu wao. Akacheka, akanibebea mkoba wa vyombo mpaka kituo cha basi.

Alhamisi, saa moja asubuhi, basi liliondoka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na Timboroa kulikuwa na ukungu mzito, dereva akaenda polepole kama anayesindikiza maiti. Kuanzia Eldoret jua likatoka, watu wakavua makoti na mazungumzo yakaanza. Mimi nilikuwa napitia kichwani kazi ya ile shingo: nitaifungua wapi, gundi nitaiacha ikauke saa ngapi, na kama Kampala kuna joto la kutosha kuikausha kwa siku moja.

Malaba, saa saba mchana, tulishuka kugonga pasipoti. Afisa wa forodha upande wa Uganda akafungua mkoba wangu, akakuta misasa, koleo, misumeno midogo na chupa ya gundi, akanitazama kama mtu aliyekuja kuvunja benki. Nikamweleza kwamba naenda kwa Mzee Ochaya, Mbuya. Uso wake ukabadilika. Akasema alikulia kwenye nyumba za polisi Kampala, na kwao mama yake hakuruhusu mtu kuzungumza Ochaya akipigwa redioni. Akafunga mkoba kwa mikono yake, akanitakia kazi njema. Sikuwa nimewahi kuona jina la mwanamuziki likifanya kazi ya kibali.

Barabara ya kutoka hapo kwenda Kampala ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Tukapita Tororo na mwamba wake, tukapita Iganga, tukavuka Mto Naili pale Jinja kila mtu akiwa dirishani hata waliouvuka mara mia. Baada ya Lugazi na miwa yake basi likasimama, wauzaji wakatuvamia na kuku wa kuchoma na gonja, ile ndizi tamu inayochomwa ikaiva hadi ndani. Nikanunua gonja mbili nikala zote, nami nilikuwa nimepanga moja iwe ya mwenyeji.

Jioni, Kampala. Nilipanda boda kutoka mjini hadi Mbuya, kilima chenye makao ya jeshi juu na nyumba za raia zikishuka pande zote. Nyumba ya Mzee Ochaya iko chini kidogo ya ukuta wa kambi. Alinipokea getini, mrefu, mvi tupu, kofia ya soksi kichwani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniuliza habari za Nakuru yote kana kwamba mimi ndiye niliyeachiwa mji. Ndani nikamkuta shangazi yake, Mama Akello, amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Ni mwanamke anayekaribia miaka themanini, mwembamba, mwenye macho yasiyokuonea haya. Alikuwa akikohoa na kutulia, kukohoa na kutulia. Miaka mingi aliishi kambini na kaka yake mwanajeshi, baba yake Ochaya, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha kijeshi, kinachofika kinapokwenda bila kupiga kona.

"Wewe ndiyo fundi ya Kenya," akasema. "Kula kwanza."

Nikala malakwang, mboga ya kaskazini yenye uchachu, iliyopikwa na karanga, pamoja na viazi vitamu. Kisha nikafungua gitaa lile usiku haujaingia, nikaona mpasuko ni mbaya lakini si wa kufisha. Nikatia gundi, nikalibana, nikaenda kulala nikiwa nimejiridhisha.

Pembeni mwa sebule nilikuwa nimeona vinubi viwili. Watu wa kaskazini huviita adungu: tumbo la mti lililofunikwa ngozi ya ng'ombe, shingo iliyopinda kama upinde, na nyuzi tisa zinazokazwa kwa vigingi vya mti. Kimoja kilikuwa kipya, kinang'aa, cha Mzee Ochaya mwenyewe. Cha pili kilikuwa cheusi kwa uzee, kimefunikwa kanga. Hicho kilikuwa cha baba yake. Mama Akello ndiye aliyekitunza tangu mazishi, na wiki hiyo alikuwa amekipakata kwenye basi kutoka Gulu, amekataa kikae chini.

Ijumaa asubuhi gundi ilikuwa ingali inakauka, basi Mzee Ochaya akanichukua kwenda Ggaba, soko la samaki la ziwani, kununua sato na nyuzi za akiba. Siku hizi adungu hufungwa nailoni ya wavuvi, na yeye ana muuzaji wake pale ambaye humwekea nailoni za unene tisa tofauti. Baadaye tukakaa kwenye kibanda cha samaki wa kukaanga, akanisimulia maisha yake. Nilimsikiliza mpaka samaki wangu akapoa.

Alizaliwa kambini. Baba yake alikuwa sajini, dereva wa malori ya jeshi, na jioni alikaa nje ya kijumba chao akapiga kinubi, dada yake Akello akiimba. Ochaya alipofika miaka kumi na sita alikionea aibu kile kinubi. Kwake kilikuwa kitu cha washamba. Akajifunza gitaa kwa Mkongomani mmoja aliyekuwa akipiga rumba kwenye baa chini ya kilima, akaanza kupiga mahotelini. Siku moja daktari mmoja mgeni kutoka Denmaki akampa kaseti ya bluzi.

"Nilifikiri ni mtu wa kwetu Kitgum aliyesahau Kiacholi," akaniambia. "Nilisikia nyumbani, lakini sikujua ni wapi ndani ya wimbo."

Ndiyo hiyo kaseti iliyompeleka Denmaki, akakaa miaka zaidi ya ishirini. Alipiga bluzi kwenye vilabu vyao, akatoa albamu, Wazungu wakasafiri kutoka miji mingine kuja kumsikia. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa katikati ya ziara ya maonyesho. Angeweza kuja. Hakuja. Alinitamkia hivyo hivyo, bila kusingizia mkataba wala visa. Sajini akazikwa kinubi chake kikiwa kimya, kwa kuwa anayepaswa kukipiga ni mwana, na Mama Akello hakumtumia salamu kwa miaka mingi baada ya hapo.

Kilichomrudisha ni usiku mmoja wa tamasha la muziki wa dunia. Alipangwa jukwaani na mpiga kora, kinubi cha Afrika Magharibi, kutoka Mali na Mhindi wa tabla, zile ngoma mbili ndogo za kwao. Kila mmoja akapiga cha kwao. Zamu yake ilipofika Mmali akamwomba apige cha kwao naye, akapiga bluzi ya Kimarekani. Watu wakampigia makofi ya adabu, akasema, na makofi ya adabu yanauma kuliko kuzomewa. Akarudi Kampala mwaka huo huo. Akanunua adungu mpya, akaenda kukaa chini ya walimu wenye umri wa wanawe. Leo bendi yake ina gitaa la bluzi, adungu, tabla na besi ya Kikongo, nami nimewahi kusikia watu Nairobi wakiimba Kiacholi wasichokijua kwa sababu yake. Mtu wa karibu miaka hamsini, mwenye jina, kukubali kuwa mwanafunzi tena! Mimi nilikataa hata kujifunza kupika pilau kwa mkwe wangu.

"Wimbo huu wa baba sijawahi kuupiga," akamalizia. "Nataka sauti ya Shangazi ibaki. Kesho akiimba, nitajua amenisamehe."

Tuliporudi Mbuya alasiri tukamkuta Mama Akello amelala, sauti imekauka, anazungumza kwa shida. Tukafikiri ni vumbi. Mzee Ochaya akamchemshia tangawizi, sote tukatembea kwa kunyata nyumba nzima.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Mzee Ochaya alitoka kwenda kumchukua Papa Jules, Mkongomani wa mitambo ya kurekodi. Mama Akello alikuwa chumbani akivaa. Mimi nikabaki sebuleni na gitaa, na gitaa lilikuwa limepona kabisa. Nikafunga nyuzi mpya, nikabana kwenye shingo yake kile kifaa changu kidogo cha kupimia sauti, ambacho huwasha taa ya kijani uzi ukifika panapotakiwa. Sauti ikatoka safi. Nikajipongeza.

Halafu jicho likaenda kwenye kile kinubi cheusi. Nikakifunua, nikagusa uzi mmoja mmoja. Jamani, masikio yangu yakakunjamana. Uzi wa kwanza ulikuwa chini, wa nne umelegea kidogo, na wa saba ulikuwa unapiga mahali ambapo hapana noti, kati ya moja na nyingine. Nikaona huruma. Nikasema kinubi kimetingishwa na basi kutoka Gulu, mwenyewe ana mambo mengi, na fundi yupo. Nikahamisha kifaa changu, nikakibana kwenye shingo ya kinubi. Nusu saa nzima nilizungusha vigingi, kimoja baada ya kingine, mpaka nyuzi zote tisa zikawaka kijani na kukubaliana na gitaa. Nilikuwa nangoja kushukuriwa.

Saa nne kila kitu kilikuwa tayari. Magodoro yalikuwa yameegemezwa ukutani kuzuia kelele, vinasa sauti vimesimama, Papa Jules amevaa visikilizio vyake. Mama Akello akaingia amevaa gomesi ya kijani, lile vazi refu la heshima la Uganda, amesimama wima kuliko nilivyomwona siku zote mbili, akakaa mkekani. Mzee Ochaya akakipakata kinubi cha baba yake kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, akavuta uzi wa kwanza. Mama Akello alifungua kinywa. Akakifunga. Akaomba auvute tena. Kisha akanyoosha mkono, akagusa nyuzi zote tisa.

"Nani alishika hii?"

Mzee Ochaya akasema pengine vigingi vimeteleza. Hapo ningeweza kunyamaza, na sitadanganya, nilifikiria kunyamaza. Lakini kile kifaa changu kilikuwa bado kimebanwa kwenye shingo ya kinubi, taa inawaka. Nikasema ni mimi, nilikuta hakilingani, nikakirekebisha.

Mama Akello hakunigombeza. Alieleza kwa utulivu, na kila neno likaniingia. Kwao kinubi hakipimwi kwa kitu. Ndugu anapiga, dada anakipa sauti: anaimba kila uzi, na uzi unakazwa mpaka umfikie yeye. Kaka yake hakuwahi kukikaza bila yeye kukaa kando. Jana, sisi tukiwa Ggaba, alikaa na kinubi mchana mzima, akaimba uzi baada ya uzi na kuzungusha vigingi kwa vidole vyake vilivyovimba, ili leo kiwe tayari. Ile sauti iliyokauka haikuwa vumbi.

"Jana niliipa sauti yangu," akasema. "Sasa iko na sauti ya nani?"

Nilitamani sakafu ya Mbuya inimeze na vyombo vyangu.

Papa Jules, kwa nia njema, akasema Mama aimbe tu hivyo hivyo, kompyuta itasogeza sauti baadaye. Mama Akello akafafanuliwa maana yake. Akajibu kwamba hiyo mashine haikukaa na ndugu yake. Mzee Ochaya akapendekeza tungoje hadi kesho au keshokutwa. Mama Akello akatikisa kichwa, akasema Jumapili kuna gari la kumrudisha Gulu kwa daktari wake, na daktari amemwambia kifua hicho kisichezewe.

Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Leo kifua yangu iko na sauti kidogo. Nikipa nyuzi, ya kuimba haitabaki. Nikiimba, nyuzi itabaki hivi, ya fundi. Chagua wewe."

Nilimtazama Mzee Ochaya, nikajua ninachomgharimu. Alikuwa ameingoja sauti hiyo maisha yake. Aliweka kidole juu ya uzi, hakuuvuta. Papa Jules akanyoosha mkono kuwasha mitambo, angalau anase hata huko kukaza. Mzee Ochaya akamzuia.

"Zima," akasema. "Hii ni ya nyumbani." Halafu akainama mbele ya shangazi yake. "Zipe nyuzi sauti, Shangazi. Nitaimba mimi."

Mama Akello akaniita. "Wewe mtu ya Kenya, kuja shika hapa. Leo utasikia." Nikakaa chini, nikashikilia tumbo la kinubi ili lisicheze, na ngozi yake ikawa inatetemeka chini ya viganja vyangu. Yeye akaimba uzi wa kwanza, sauti moja ndefu, na Mzee Ochaya akazungusha kigingi kumfuata. "Bado," akasema. "Bado. Hapo." Wakaenda wa pili, wa tatu. Mkono wa Mzee Ochaya ulikuwa na woga kama wa mtu anayenyoa mtoto mchanga. Kufika wa tano sauti ilianza kukwaruza. Akapumzika, akanywa tangawizi, akaendelea.

Wa saba ndio ulionimaliza. Alipouimba, Mzee Ochaya alizungusha kigingi mara moja tu na kusimama. Hakungoja aambiwe. Aliweka kinubi kando taratibu, akachukua gitaa lake, akapiga ile noti anayoivuta katika kila wimbo wake, ile ambayo watu hufumba macho akiifikia. Anaianza chini, anausukuma uzi kwa kidole mpaka inapanda nusu njia, mahali ambapo kwenye gitaa hapana noti. Zilikuwa sauti moja. Mimi niliyelitengeneza gitaa hilo miaka yote sikuwa nimewahi kujua anatafuta nini pale.

"Miaka arobaini nauvuta uzi huu," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi mbele yetu. "Kumbe nilikuwa naenda kwa baba."

Uzi wa tisa Mama Akello aliutoa kwa pumzi tu. Baada ya hapo alifungua kinywa kusema jambo, hakikutoka kitu, akafanya ishara ya mkono kwamba sasa tuanze.

Papa Jules akawasha. Mzee Ochaya akaimba wimbo wa sajini anayemwomba dada yake asiuzime moto, kwa kuwa lori limeharibika mbali na atachelewa kufika. Aliimba kwa sauti ya mtu mzima anayetembea kwenye giza la nyumba yake ya utotoni. Katikati akasahau ubeti, na Mama Akello, bila sauti, akamtamkia maneno kwa midomo, naye akayasoma midomoni mwa shangazi akaendelea. Gitaa nililosafiri nalo kichwani tangu Nakuru halikupigwa kabisa. Sikujali. Nimesikia muziki mwingi katika kazi yangu, na sijasikia uliofika pale.

Jumapili asubuhi niliondoka. Nilimpigia magoti Mama Akello kuomba msamaha, nami si mtu wa magoti. Alinivuta sikio kidogo, kama unavyomvuta mtoto wa nyumbani, akanifungia simsim ya kusagwa, yaani ufuta, kwenye karatasi. Njiani kurudi sikuona Jinja wala mwamba wa Tororo. Nilikuwa nafikiria vinubi, zeze na marimba ambavyo vimeletwa kwangu miaka yote, nikavibana kifaa, nikaviwasha kijani, na wenyewe wakanishukuru kwa heshima wakaondoka kimya. Siku hizi mtu akiniletea ala ya kwao namuuliza kwanza: ilikuwa ikiimba na nani? Wengine huduwaa. Wengine hukaa chini wakaanza kunieleza, na kazi ya dakika kumi huchukua mchana.

Wiki tatu baadaye nilimpigia Mzee Ochaya kumjulia hali. Akaniambia wimbo umetoka na watu wanaupenda, lakini hakuwa na haraka ya kuzungumzia hayo. Shangazi yuko Gulu, anaendelea vizuri, ila sauti haijarudi, na daktari hana hakika kama itarudi. Anasema kwa mnong'ono tu. Na nyuzi za nailoni, kama ujuavyo Fundi, zinalegea kila siku. Kwa hiyo kila asubuhi Mzee Ochaya anakikaza peke yake kinubi alichoachiwa, kwa kukumbuka, kisha anampigia shangazi simu, anaweka simu karibu na ngozi na kuvuta uzi mmoja mmoja. Kutoka upande wa pili anasikia: bado. Bado.

Nikamuuliza asubuhi hiyo alisemaje.

"Leo nilivuta zote tisa, hakusema kitu," akanijibu. "Nikadhani simu imekatika. Kisha akaninong'oneza: 'Sasa nenda pigia baba yako.' Niko njiani kwenda kaburini, Fundi. Kinubi ninacho mgongoni."